Saumu ya Haidar

Haidar alikataa dawa Jumanne asubuhi. Dada yake Swalha alikuwa amesimama mbele ya kitanda, glasi ya maji mkono mmoja, vidonge viwili mkono wa pili. Pazia lilikuwa limefungwa kwa sababu mwanga ulimchoma Haidar machoni tangu siku ile alipogongwa kichwa uwanjani.

"Kunywa, Haidar."

"Nimefunga."

"Umefunga nini? Idi imeshapita. Watu wamekula biriani mpaka wamesahau."

"Nimefunga, Dada. Yaondoe maji."

Swalha alicheka kidogo. Alidhani ni yale yale ya kuchanganyikiwa. Tangu mechi ile Haidar alikuwa mtu wa vituko: juzi kaweka simu ndani ya friji, akaitafuta nyumba nzima, na mtoto Najat akaiona alipokwenda kuchukua maziwa. Walicheka wote siku ile, na Haidar akacheka nao. Lakini leo hakuwa na uso wa kucheka.

"Nina kafara," alisema. "Siku sitini, mfululizo. Hii ya kwanza."

"Sitini! Nani kakupa sitini?"

"Imamu. Ijumaa baada ya sala nilimfuata, nikamwambia kwa Kichina changu hiki hiki cha sokoni, nimekula mchana wa Ramadhani kwa makusudi, nafanyaje? Akatoa kidole gumba na cha mwisho, kama wanavyohesabu hawa dukani. Sita. Kisha akafunga ngumi. Kumi. Sita-kumi, ndiyo sitini yao. Nikamuuliza tena. Akanifanyia vile vile."

"Wewe mtoto, huyo Mchina ana madhehebu yake. Sisi Mashafi. Kwetu mtu akila siku moja analipa moja, anatubu, basi."

"Kwetu mbali, Dada. Niliyemuuliza ni yeye."

"Na nani kakwambia ulikula? Ulifuturu hapa hapa, kwenye mkeka huu. Tende ya kwanza nimekupa mimi kwa mkono wangu!"

Haidar alifumba macho. Alikuwa kijana mrefu, mikono kama makasia, na sasa mikono hiyo ilikuwa imelala juu ya blanketi kama ya mtu mwingine.

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi," alisema. "Siku yenyewe siikumbuki. Mpira siukumbuki. Nakumbuka kitu kimoja tu: mvuke wa tambi unanipiga usoni, na vijiti nimevishika. Nilikula, Dada. Nilijificha nikala, kisha nikaja nikakaa na nyinyi nikafuturu kama mtu mkweli."

Mlangoni, Nassor alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Yeye ndiye mume wa Swalha, na ndiye kocha wa timu aliyokuwa akiichezea Haidar. Maneno yote aliyasikia. Kamba ya kiatu cha kulia aliifunga, akaifungua, akaifunga tena.

"Baba Najat, na wewe sema basi! Mwambie ndugu yako."

"Anaumwa huyo," alisema Nassor bila kuinua kichwa. "Usibishane naye."

Akatoka.

*

Ukweli ni kwamba Haidar alikula, na aliyemlisha ni Nassor.

Nassor alikuja Guangzhou miaka mingi nyuma kununua suruali za jinzi kwenye viwanda vya Xintang, apeleke Unguja. Siku moja kwenye karakana moja huko, vibarua walikuwa wanarusha marobota kutoka juu, moja likaponyoka likawa linamwendea mwanamke aliyeinama chini. Nassor akaruka akalidaka hewani, akaanguka nalo. Mzungu mmoja wa Australia aliyekuja kukagua mzigo wake aliona. Alimwita pembeni, akamuuliza kama anaweza kuruka vile Jumapili.

Ndivyo alivyoujua mpira wa Kiaustralia, ule wenyewe wanaouita futi. Mpira wenyewe una umbo la yai, uwanja mviringo, milingoti minne kila upande. Unapiga kwa mguu, unapasia kwa ngumi, na goli moja ni pointi sita. Na kuna jambo moja ambalo Nassor alilipenda tangu siku ya kwanza: unaruhusiwa kumpanda mwenzako mgongoni, goti lako begani kwake, ukadaka mpira juu, na refa asiseme kitu. Wakubwa wa dunia hii wanaufanya mchezo huo kila siku na wala hawahitaji mpira.

Alicheza mpaka goti likamwisha. Picha yake akiwa angani ilibandikwa kwenye baa ambayo yeye hakuwahi kunywa kitu humo zaidi ya soda. Alipoanza kuchechemea, klabu ikamfanya kocha. Alikuwa wa bei rahisi, na nusu ya wachezaji walikuwa Waafrika waliomsikiliza. Wakamtafutia kazi ya kufundisha watoto michezo kwenye shule moja ya binafsi, na kazi hiyo ndiyo iliyompa kibali cha kukaa China. Biashara ya jinzi akamwachia shemeji yake Haidar, aliyemleta mwenyewe kutoka Unguja. Haidar akawa anashinda mtaa wa Guangyuan Xilu na wabeba mizigo, na Jumapili anacheza.

Mwaka huu timu ilifika nusu fainali kwa mara ya kwanza, na siku ya mechi ikaangukia ndani ya Ramadhani. Mwenyekiti wa klabu, Mwaustralia aliyeitwa Trevor, alimwambia Nassor waziwazi: akishinda, atakuwa kocha wa kusini yote ya China, na mtoto wake atapata nafasi ya kusoma bure kwenye shule ile. Nassor hakulala vizuri tena.

Asubuhi ya mechi alimpeleka Haidar kwenye mgahawa mmoja wa tambi za kuvuta, wa Waislamu wa huko kaskazini.

"Kula," alimwambia.

"Shemeji, leo ni Ramadhani kumi na saba."

"Najua. Nimemuuliza sheikh, kaniambia mchezaji ni kama msafiri. Ana ruhusa. Utalipa siku yako moja baadaye."

"Sheikh gani?"

"Unanihoji mimi? Nimekufundisha kusali, nikufundishe uongo?"

Hakukuwa na sheikh. Nassor hakumuuliza mtu yeyote. Mwenye mgahawa, naye amefunga, aliitazama kofia ya Haidar, akaweka bakuli mezani taratibu, akaondoka bila kuuliza kama anataka pilipili. Haidar alikula ameinamisha kichwa. Nassor alikaa mkabala naye hali amefunga, kwa sababu kocha hakimbii.

Robo ya tatu ya mchezo, Haidar alipanda juu kudaka mpira, akagongana na mtu, akaangukia kisogo. Alisimama mwenyewe. Lakini alianza kutembea kuelekea milingoti ya timu yake mwenyewe, kama anakwenda kufunga huko. Njoki akakimbia akamtoa. Njoki alikuwa msichana wa Kikenya, mwanafunzi wa udaktari, aliyekuwa akijitolea kama mtu wa huduma ya kwanza wa timu.

"Kocha, huyu hayuko sawa. Nimemuuliza tuko robo ya ngapi, ananiambia Alhamisi."

Timu ilikuwa nyuma kwa pointi nne. Nje ya mstari Trevor alikuwa amefunga ngumi, anapiga kelele: "Mrudishe! Mrudishe mrefu wetu!"

Nassor alimwangalia Haidar. Alimwona anavyopepesa macho. Alijua. Miaka yote ile amewaona wanaume wakigongwa kichwa, na anakijua kitu hicho kama anavyokijua kiganja chake. Lakini alisema:

"Amefunga huyo. Tangu alfajiri hajala wala kunywa. Unadhani atakuwaje?"

Njoki alisita. "Ni njaa tu, Kocha?"

"Dada, wewe mambo yetu ya saumu utayajua wapi?"

Hapo Njoki akanyamaza, maana nani atabishana na dini ya mwenzake? Na Nassor alilitupa neno lile akijua hivyo. Haidar akarudi. Akadaka mpira wa mwisho, akafunga, wakashinda. Jioni alitapika ngazini. Swalha akasema ni futari aliyoifakamia.

*

Jumanne hiyo hiyo, mchana, Trevor alimwita Nassor kwenye baa yenye ile picha.

"Nasa! Kaa, kaa." Miaka yote hiyo hakuwahi kulitamka jina la mtu vizuri, na Nassor aliacha kumsahihisha zamani. "Hali ya kijana?"

"Mbaya. Mwanga hauwezi. Anasahau."

"Atapona. Wale wana vichwa vigumu." Alikunywa bia. "Sasa sikiliza. Jumamosi kamati ya ligi wanataka maelezo kwa video. Mambo ya kichwa siku hizi yana kelele nyingi. Utawaambia kama ulivyosema siku ile: alikuwa amefunga, alizidiwa na njaa, hakumwambia mtu. Na yule msichana wa huduma ya kwanza ndiye aliyemruhusu."

"Njoki hakumruhusu. Mimi ndiye niliyemrudisha."

"Yeye ndiye mwenye begi la dawa. Basi ni yeye."

"Na bima?"

"Bima inalipa kilichotokea kwenye mchezo. Njaa haikutokea kwenye mchezo, Nasa. Hilo la familia."

Nassor aliitazama juisi yake. "Wewe ulipiga kelele nimrudishe."

Trevor alishangaa kwa moyo mweupe kabisa. Watu wa aina yake hushangaa hivyo, na ndiyo maana hawapati vidonda vya tumbo.

"Mimi? Mimi ni shabiki tu. Shabiki kazi yake kupiga kelele. Kocha ni wewe."

Akamgonga begani, akamkumbusha kwamba barua ya shule ya mtoto iko tayari, inasubiri Jumamosi ipite, akaenda zake. Mhudumu akaja. Trevor alikuwa amelipia bia yake peke yake. Nassor alilipa juisi ambayo hakuitaka, na ambayo hakuwa ameinywa.

*

Jumatano Haidar hakula daku, hakunywa maji, wala hakumeza dawa. Alipojaribu kusimama kwa ajili ya adhuhuri alianguka karibu na mlango wa choo. Swalha akapiga simu mbili. Moja kwa mumewe. Nyingine kwa Njoki, kwa sababu Njoki alijua Kichina cha hospitali, na Kichina cha Swalha kilikuwa cha soko la vitambaa la Zhongda, cha kupunguziwa bei na kusema hapana.

Hospitali ilikuwa imejaa. Walimkalisha Haidar kwenye kiti cha magurudumu, taulo la Swalha limemfunika macho. Dirishani wakatakiwa walipe kwanza. Nassor akatoa simu, akalipa, na yule dada wa dirishani akamrudishia kadi ya hospitali kwa ncha za vidole.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, ana haraka. Aliuliza, Njoki akageuza.

"Anauliza ilianzaje."

"Alikuwa anacheza mpira hali amefunga," Swalha alijibu upesi, na sauti yake ilikuwa na fahari ndogo ndani yake. Habari hiyo alishampelekea mama yao Unguja, na mama aliwasimulia majirani: mwanangu kaanguka na saumu yake mdomoni. "Mwezi mzima hakuacha hata siku moja. Na leo kafunga tena, hana hata tone."

Njoki alimgeukia Nassor. Usoni alikuwa amechoka.

"Kocha, hiyo ndiyo nimwambie? Njaa?"

"Si umesikia alivyosema dada yako."

"Nakuuliza wewe. Jana Trevor alinipigia. Ati mimi ndiye niliyemrudisha uwanjani, ati chuo wataambiwa. Mimi! Wasee hawa watanimaliza bure. Nikasema sawa, labda nilikosea, lakini Kocha mwenyewe aliniambia ni saumu, na Kocha hawezi kudanganya kuhusu saumu." Akakiangalia kile kiti cha magurudumu. "Kwa hivyo ilikuwa njaa?"

Daktari aligonga kalamu mezani.

"Mwambie," alisema Nassor.

Njoki akasema. Daktari akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, akaandika vipimo vya sukari ya damu na vya tumbo, akaita anayefuata. Kichwa hakukigusa. Kwa nini akiguse? Mgonjwa amefunga mwezi mzima, ameambiwa, na leo tena; sukari lazima imeshuka.

Wakakaa kwenye benchi kusubiri damu. Muuguzi akaja na sindano na kipande cha pamba, akamshika Haidar mkono. Haidar akaurudisha mkono nyuma.

"Shemeji," aliita kutoka chini ya taulo. "Shemeji uko hapo?"

"Niko hapa."

"Sindano inavunja saumu?"

Nassor aliitazama ile pamba mkononi mwa muuguzi.

"Wewe ndiye unayejua, Shemeji. Mimi kichwa hakifanyi kazi. Kutoa damu kunavunja, au hakuvunji? Maana ikivunja naanza upya sitini. Usinidanganye kwa kunionea huruma. Niambie tu, nitaanza upya."

Muuguzi alisema kitu kwa ukali. Swalha alisema, "Haivunji, mdogo wangu, toa mkono." Lakini Haidar alikuwa ameelekeza uso kule sauti ya Nassor ilikotoka, anasubiri, kama mwanafunzi chuoni anavyomsubiri mwalimu amwambie kama kasoma sawa.

Nassor alipiga magoti. Goti lile bovu lililia. Alilishika gurudumu la kiti.

"Huna kafara, Haidar."

"Nilikula. Nakumbuka."

"Ulikula. Mimi ndiye niliyekulisha. Nilikupeleka mwenyewe kwenye tambi, nikakwambia nimemuuliza sheikh, kasema mchezaji ni kama msafiri. Hakuna sheikh. Nilitunga pale pale mezani. Hukujificha. Uliniamini."

Benchi zima lilikuwa limegeuka, hata Wachina ambao hawakuelewa neno. Mtu mzima akipiga magoti hospitalini watu wanadhani kuna maiti.

"Hujasikia yote," aliendelea Nassor, na sasa alikuwa anamwangalia Njoki. "Alipogongwa, niliona. Nilijua ni kichwa. Nilisema saumu kwa sababu nilijua hutabishana. Nilitaka ashinde ile mechi. Na akashinda."

"Aki, Kocha," Njoki alisema, na hakuongeza. Aligeuka, akakimbilia mlango wa daktari bila foleni. Walimsikia akizungumza Kichina kwa sauti ya juu, na mtu aliyekuwa ndani akilalamika.

Chini ya taulo lake Haidar aligeuza uso kutoka kwa Nassor. Kisha akamwambia dada yake:

"Nipe maji."

Alikunywa chupa nzima. Yalimwagikia kifuani. Swalha alimpangusa kwa ukingo wa mtandio, polepole, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na hakumtazama mumewe.

*

Mashine ilionyesha damu imekusanyika chini ya fuvu, inaukandamiza ubongo. Walimtoboa jioni ile ile. Daktari yule yule mwanamke alitoka baadaye akamwambia Njoki kwamba wangechelewa wiki nyingine kwa hadithi ile ya njaa, wasingekuwa na mtu wa kumtoboa. Njoki aligeuza maneno yote, hakupunguza hata moja.

Swalha alizungumza na mumewe siku ya pili yake, wakiwa kwenye ngazi za hospitali.

"Nilimwambia mama kaanguka na saumu mdomoni."

"Najua."

"Mama kawaambia watu msikitini. Wamemwombea dua. Utampigia wewe."

"Nitampigia."

"Leo."

"Leo, Mama Najat."

"Usiniite hivyo sasa hivi."

Aliinuka akarudi wodini. Ukitaka kujua mwanamke amekutoa moyoni, msikilize anavyoshuka au kupanda ngazi. Swalha alipanda bila kishindo, kama hakuna mtu aliyemwacha nyuma.

Jumamosi Nassor alikaa mbele ya simu, akawaambia kamati ya ligi kila kitu, jina la Njoki akalisafisha, na kelele za Trevor hakuziacha. Kamati ilimshukuru kwa ukweli wake. Ilimfungia kufundisha miaka mitano. Bima ililipa hospitali. Shule ya binafsi ikamwandikia kwamba mkataba wake hautaongezwa, na kwa hiyo kibali chake kingekwisha pamoja na muhula. Trevor aliambiwa awe mwangalifu na maneno yake akiwa nje ya mstari. Bado ni mwenyekiti. Fainali walicheza na kocha mwingine, na kwenye picha ya timu Trevor yuko katikati, ameshika mpira.

Nassor hakulalamika. Wenzake wa Unguja walimwambia aende akapige kelele kwa ubalozi, kwa magazeti, mtu mkubwa ndiye aliyemponza. Alisema ndiyo, mtu mkubwa alipiga kelele. Lakini mtu mkubwa hakujua kama Haidar kala.

*

Haidar alirudi nyumbani kabla ya mwisho wa mwezi. Mwanga ulikuwa haumuumizi tena. Alimjua kila mtu, alijua bei za marobota, alimtania Najat. Kilichoharibika ni kimoja. Daktari alisema yale ya kabla ya siku ile ya kutobolewa yamebaki humo, lakini ya baadaye hayashiki, yanamwagika akilala. Labda yataanza kushika baada ya miezi. Labda.

Na katika yaliyobaki mlikuwamo mvuke wa tambi, na kidole gumba cha imamu, na sitini. Ungamo la hospitalini halikuwamo.

Asubuhi ya kwanza Swalha alimkuta jikoni kabla ya alfajiri, anakula daku kimya kimya, anataka kunuia. Dawa zake alikuwa amezisukuma mwisho wa meza. Swalha alirudi chumbani akamwamsha mumewe kwa kumgusa mguu.

"Ameanza tena. Nenda."

"Mwambie wewe. Mimi ata—"

"Mimi simwambii," alisema Swalha. "Hilo si langu."

Nassor akaenda jikoni, akavuta kiti, akasema yote tangu mwanzo: mgahawa, sheikh ambaye hakuwapo, robo ya tatu, Njoki, neno saumu. Haidar alisikia kwa mara ya kwanza, akamtupia kikombe. Kisha akameza dawa.

Siku ya pili alisikia kwa mara ya kwanza, akalia mpaka Najat akaamka. Siku iliyofuata alimuuliza kwa utulivu, "Kwani mechi tulishinda?" na alipoambiwa ndiyo, akacheka kicheko kibaya. Siku nyingine aliinuka tu, akaenda kulala. Nassor alijifunza kuamka kabla yake. Alijifunza kutopunguza, maana siku aliyopunguza, alipoacha lile la kwamba aliona na alijua, Haidar alimwambia, "Basi ulikosea tu, Shemeji, binadamu," na Nassor ikambidi aanze upya na kulitia.

Jumatano moja Haidar alisikiliza yote, akaweka kijiko chini. Alimtazama Nassor, nywele zilizoanza kuwa nyeupe, goti alilokuwa akilikanda bila kujua.

"Umeniambia mara ngapi haya?" aliuliza.

"Kila siku."

"Kila siku ninakasirika?"

"Mara nyingi."

Haidar alifikiri. Alinyoosha ule mkono mrefu, akamshika bega.

"Mimi nimekusamehe, Shemeji. Wallahi, nimekusamehe kwa moyo mmoja. Sikudai kitu duniani wala akhera."

Swalha alikuwa amesimama mlangoni na aliyasikia, na siku ile kwa mara ya kwanza tangu hospitali alimmiminia mumewe chai, akaiweka mbele yake.

Alhamisi Nassor aliamka adhana ya kwenye simu haijalia. Alikwenda jikoni, akawasha taa. Haidar alikuwa tayari amekaa, sahani ya wali wa jana mbele yake, vidonge amevisukuma mwisho wa meza. Aliinua macho, akatabasamu vizuri, tabasamu la mtu asiyejua lolote juu ya mwenzake.

"Shemeji, umeamka mapema. Unafunga na wewe?"

Nassor akavuta kiti.